Paneli za Shibiri Saba

Ulikuwa mwaka wa mbaazi. Mtu wa Nachingwea au Ruangwa akisikia hivyo hahitaji kalenda, lakini mgeni nitamweleza. Mbaazi kwetu zilikuwa za kuuza. Za kula tulibakiza kidogo, za kumpikia mgeni kwa nazi. Mwaka ule wanunuzi hawakuja. Tulikaa na magunia mlangoni kama watu wanaosubiri posa, posa haikuja, tukafungua magunia tukaanza kula. Asubuhi mbaazi na chai ya rangi. Mchana ugali kwa mbaazi. Jioni mbaazi zilizobaki mchana. Msibani tulikula mbaazi, na harusini tulikula mbaazi zilezile, ila za harusini zilitiwa nazi ili watu wajue wapo wapi. Mwalimu wa darasa la saba alifundisha madirisha yakiwa wazi mwaka mzima, na hakuna mzazi aliyemuuliza kwa nini.

Katika mwaka huo wa mbaazi ndipo kijiji chetu kilipoamua kununua sola ya maji.

Kijiji chetu kipo Nachingwea, pembeni kabisa, jogoo wetu akiwika anasikika na Ruangwa. Maji hatukuwa nayo. Tulikuwa na mto, lakini mto wetu karibu mwaka mzima ni mchanga. Unachimba shimo kwa bakuli, unakaa, unasubiri maji yajikusanye chini, unachota kata moja, unasubiri tena. Siku hizi kuna na ng'ombe. Wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa nao wana kiu, na ng'ombe hajui foleni. Ukifika shimoni jua limetoka unakuta tope na kwato.

Mjukuu wangu wa kike, niliyemlea tangu alipoachishwa ziwa, alikuwa anaingia darasa la saba. Nitamsifu na sitaomba radhi. Tangu darasa la tatu hakuwahi kutoka kwenye tatu bora. Kiingereza alikuwa anasoma mpaka maandishi ya mfuko wa mbolea. Lakini hisabati ilikuwa kipindi cha kwanza asubuhi, na kipindi cha kwanza asubuhi yeye alikuwa mtoni. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa wa kwanza kwa Kiswahili na wa kwanza kwa sayansi alikuwa wa ishirini na tatu kwa hisabati. Hakuwa mjinga wa hisabati. Hakuwepo.

Mtu atauliza kwa nini sikwenda mtoni mwenyewe. Nilikwenda. Goti langu la kushoto likaniangusha kwenye mteremko, nikarudi na ndoo tupu na mdomo umejaa mchanga. Baada ya hapo mtoto alinificha ndoo.

Basi nilitaka kitu kimoja. Bombani kuwe na maji asubuhi, mtoto achote, aingie darasani pamoja na wenzake kabla ya mtihani wa mwezi wa tisa. Maendeleo waliyataka wengine. Mimi nilitaka maji ya asubuhi.

Kisima kirefu kilikuwepo tayari. Mradi mmoja ulikuja zamani, ukachimba, ukaziba mdomo wa kisima kwa kizibo cha chuma, ukaondoka. Kilichokosekana ni pampu, tangi na paneli za kuipa pampu nguvu. Wilaya ingetoa sehemu yake na sisi tungetoa yetu kwenye mbaazi. Mbaazi nimeshasema zilikwenda wapi, ikabidi tukate kwenye korosho.

Mkutano uliitwa. Mwenyekiti wa kijiji ni mtoto wa mdogo wangu, mimi kwake mama mkubwa, nilimbeba mgongoni mpaka akapata meno. Akatusomea kuwa wamekuja wakandarasi wawili. Mmoja ghali. Anasema paneli zake ni nzito, anazidhamini, zikiharibika atarudi. Mwingine rahisi. Yeye hakusema habari ya kurudi.

Kila mmoja akaanza kuhesabu magunia yake ya korosho kichwani. Mimi nikasimama. Mtu asiniambie nilisukumwa, nilisimama kwa goti langu mwenyewe.

"Jua ni lilelile," nikasema. "Mwenye kioo cha ghali na mwenye kioo cha rahisi wote wanamulikwa na hilohilo. Tunalipia kioo cha nini?"

Watu walipiga makofi. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka. Tukamchukua wa rahisi, na mimi nikachaguliwa kwenye kamati ya maji, mwakilishi wa akina mama, kwa sababu nimesema vizuri.

Mwaka ukageuka, masika yakapita, mzigo ukaja. Ulikuwa mwezi wa sita, kipupwe, asubuhi mawingu yanalala juu ya mikorosho mpaka saa nne. Gari lilishusha tangi jeusi la plastiki, mabomba, pampu ndefu kama mchi, na paneli sita zimefungwa maboksi. Fundi alikuwa kijana mwenye buti. Akanyanyua paneli mbili kwa mpigo, moja kila kwapa, akatembea nazo kama amebeba mikeka.

Hapo ndipo nilipoanza kuona vibaya. Mimi ni mtu wa korosho. Korosho nikiitia kiganjani najua kama ndani kuna kitu au kuna hewa. Korosho nyepesi ni mbovu, hilo halihitaji shule. Na kitu cha kusukuma maji kutoka chini kule, mtu anakibeba kwapani huku anapiga mluzi?

Walipoziegemeza ukutani nikasogea, nikaanza kupima kwa shibiri, kutoka juu kwenda chini. Moja, mbili, tatu. Zikafika saba. Upana zilikuwa tatu na kidole.

"Bibi, unapima suruali?" fundi akauliza.

"Napima sola. Hii ina wati ngapi?"

"Mia tatu. Si imeandikwa hapo nyuma."

"Mbona nyepesi?"

"Teknolojia, bibi. Siku hizi vitu vinapungua ukubwa. Angalia simu."

"Simu za wajukuu zangu kila mwaka zinakua. Ya mwisho haiingii mfukoni."

Vijana waliokuwa wanachimba mtaro wakaangua kicheko. "Fundi, bibi kakuweza! Tafuta jibu jingine!"

Fundi hakukasirika. Alisema, "Bibi, jua ni lilelile." Kumbe maneno yangu yalikuwa yameshamfikia. Vijana wakacheka tena, safari hii upande wake.

Nilirudi nyumbani na shibiri zangu saba. Sikuwa na ushahidi. Mtu hawezi kusema kitu ni kifupi kama hajakiona kirefu chake.

Kirefu chake nilikiona Ruangwa. Binti yangu ameolewa pale mjini, alikuwa amejifungua, nikapanda bodaboda kwenda kumkanda. Mume wake anauza vinywaji baridi, na juu ya bati ana paneli mbili. Siku ya tatu nikaanika nguo za mtoto, nikainua macho, nikamwuliza mkwe, naye yuko ndani, zile za juu zina wati ngapi. Akajibu akiwa ndani, kwa adabu, "Mia tatu kila moja, mama."

"Leta ngazi."

Sasa mtu wa kwetu ataelewa shida. Mkwe mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani ovyo. Tukipishana njiani yeye anaingia majanini mpaka nipite. Mama mkwe apande ngazi, yeye ashike ngazi chini, macho ayapeleke wapi? Alileta ngazi, akaiegemeza, akaenda kusimama nyuma ya nyumba akiwa ameelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Binti yangu akashika ngazi, mtoto wa siku tisa mgongoni.

"Mama, goti lako."

"Goti lina mambo yake na mimi nina yangu. Shika."

Nilipanda. Bati lilikuwa limepata moto. Nikanyoosha mkono nikapima. Shibiri tisa. Upana tano kasoro. Nikarudia, maana mtu akiwa juu ya ngazi anaweza kudanganyika. Tisa. Nikamwambia binti yangu amwulize mumewe kama kuna za wati mia tatu fupi kuliko hizi. Swali likazunguka nyumba, jibu likarudi kwa njia hiyohiyo.

"Anasema zipo fupi kidogo za bei kubwa sana. Lakini fupi kwa shibiri mbili na bei ndogo, hakuna. Anasema mama, hizo ni za wati mia na hamsini, zimebandikwa karatasi ya mia tatu. Anasema amewahi kuuziwa. Anasema ushuke."

Nikashuka. Nusu. Tulikuwa tumenunua nusu ya jua. Mkwe alitokea baadaye, akaweka soda ya baridi kwenye kizingiti, akaondoka. Nilikunywa nikiwa na hasira na baridi yake ikanipanda kichwani.

Kijijini nilimkuta mwenyekiti amevaa shati jipya. Paneli zilikuwa zimeshapanda kwenye fremu, pampu imeshazama, tangi liko juu ya mnara. Nikamweleza tisa na saba.

"Mama mkubwa," akasema, "shibiri si kipimo."

"Mkono uliopima kule ndio uliopima huku."

"Mwaka wa serikali unaisha mwezi huu. Hela isipotumika inarudi. Bwana maji wa wilaya anakuja keshokutwa kupokea mradi. Wewe tia dole, haya mengine tutarekebisha baadaye."

"Baadaye ni nani?"

Akaangalia saa, akaniaga.

Niseme habari ya dole. Kuandika jina najua, nilifika darasa la nne. Lakini miaka ya nyuma jina langu liliandikwa na mtu mwingine kwenye daftari la pembejeo, nikaambiwa nimechukua mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho ambayo sijawahi hata kuinusa, na mikorosho yangu ikaugua ubwiri, maua yamekuwa meupe kama yamepakwa unga, mbele ya macho yangu. Nilipobisha nikaonyeshwa jina. Lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko ninavyoandika mimi. Tangu siku ile jina langu nimewaachia, kwenye karatasi za watu natia dole gumba. Kila mtu kijijini anajua. Na karatasi ya kupokea mradi ilihitaji watatu: mwenyekiti, mtendaji wa kijiji, na mwakilishi wa akina mama. Wawili saini, mmoja dole. Zikitimia tatu, mkandarasi anamaliziwa haki yake na ubovu unakuwa wetu.

Jioni ile mkandarasi mwenyewe alikuja kwangu. Mtu mpole, amenyoa vizuri. Akanipa zawadi, taa ya sola yenye redio ndani yake. "Bibi, hii ni heshima tu. Mama yangu naye ni mtu mzima kama wewe." Nikapokea. Kukataa zawadi mlangoni ni matusi. Siku ya kwanza iliwaka na redio ikasoma habari. Siku ya pili ikaanza kukoroma, kabla ya magharibi ikazima, na nilikuwa nimeianika juani tangu asubuhi kama ufuta. Nimeona mengi katika umri huu, lakini rushwa feki nilikuwa sijaiona.

Siku ya kupokea mradi tulikusanyika chini ya mnara, saa sita mchana. Sikuelewa mwanzoni kwa nini saa sita. Mwaliko ulisema saa sita kamili, na kwetu mkutano wa saa sita huanza saa nane, lakini siku hiyo mkandarasi aliwahi kuliko wote na alikuwa anaangalia saa na mbingu, saa na mbingu. Mawingu yakafunguka. Jua likasimama utosini. "Washa," akasema.

Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakatoka. Mimi sitasema uongo, yalitoka kwa nguvu na yalikuwa meupe. Akina mama walipiga vigelegele. Mmoja aliingiza kichwa chote chini ya bomba na kilemba chake. Mwenyekiti akahutubia. Bwana maji akahutubia. Walihutubia haraka, hilo nalo si kawaida.

Kisha karatasi ikaletwa juu ya meza yenye kitambaa. Mwenyekiti akasaini. Mtendaji akasaini. Kidau cha wino kikasogezwa mbele yangu, kimefunguliwa, wino wa zambarau. Nikaweka ile taa juu ya meza, mbele ya mkandarasi.

"Shika taa yako. Imekufa. Labda ni teknolojia."

Watu wakaguna. Mkandarasi akaishusha, akaisukuma chini ya meza kwa mguu.

"Mama, dole," akasema bwana maji.

"Dole langu sitii."

Akainua kichwa. Alikuwa mtu mzima, mgeni wa mbali, na jua lilikuwa linamchoma. "Mama, unasema hutii?"

"Ndiyo."

"Hutii nini? Hutii serikali?"

Mtendaji alishika kalamu akaanza kuandika, sijui alikuwa anaandika nini lakini alikuwa ananiandika mimi. Mwenyekiti akafunga macho. Ndipo mwalimu wa Kiswahili wa shule yetu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, mheshimiwa. Kutia na kutii ukivikanusha vinafanana. Sitii, sitii. Mama anasema hatii dole, yaani haliweki. Hasemi kwamba hatii amri."

"Kwa hiyo amri anaitii?"

"Hilo sijui, mheshimiwa. Sarufi inaishia hapo."

Watu walicheka mpaka bwana maji akacheka, na kicheko hicho nadhani kiliniokoa na mambo. Nikasema amri nazitii zote, ila hii haikuwa amri, ilikuwa karatasi. Nikaeleza saba na tisa. Fundi akaeleza simu. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Jua ni lilelile, bibi! Umesahau?" Nikamjibu kwamba sijasahau, nilisema upumbavu na walionipigia makofi walikuwa wapumbavu wenzangu, na kama yeye hakupiga makofi asimame tumwone. Hakusimama.

Jirani yangu mmoja ni mama wa wale wafugaji. Tulianza kwa ugomvi wa mashimo mtoni, sasa tunagawiana maziwa na kisamvu. Akasogea mbele, mrefu, shuka lake begani.

"Kwetu mnadani ng'ombe haangaliwi karatasi," akasema. "Anafunguliwa mdomo, unaangalia meno. Muuzaji akikataa kumfungua mdomo, umeshajua umri wake. Sasa hii mitambo mdomo wake uko wapi?"

"Tangi," nikasema.

Nikamwomba mtendaji asome kwenye mkataba panaposema habari ya tangi. Akasoma kwa shida, kama anayesoma barua ya deni lake. Mkataba ulisema jua la siku moja, kuanzia asubuhi mpaka alasiri, lijaze tangi. Haukusema saa sita bomba lirushe maji.

"Basi kesho tulijaze," nikasema. "Likijaa, nitatia dole mbele yenu na nitamwomba fundi radhi kwa magoti, na magoti yangu mnayajua."

Bwana maji akakuna shingo. Alisema atalala Nachingwea mjini na atarudi kesho yake alasiri, na kwamba hiyo ni siku ya mwisho. Tangi likafunguliwa ili kesho lianze tupu. Kumwaga maji ni dhambi, kwa hiyo tuliyachota yote. Siku hiyo mjukuu wangu alioga ndoo nzima.

Kesho yake nilipeleka kigoda chini ya mnara kabla ya jua. Tangi lina mikunjo mwilini kama pete, nilihesabu kumi. Nilikuwa na ufito mrefu wa kulifikia kule juu. Ukigonga palipo na maji linajibu kwa sauti nene, ukigonga patupu linalia kama ngoma. Saa mbili, mawingu. Pampu kimya. Saa tatu, kimya. Saa nne ikaanza kuguna, bomba la kuingilia likatoa uzi wa maji mwembamba kama mkojo wa mbuzi. Fundi alilala chini ya kivuli cha paneli zake. Kivuli chenyewe kilikuwa kidogo, miguu ilibaki nje. Saa sita mpaka saa nane maji yalipanda vizuri, na watu waliokuwa wanapita walinicheka. Saa tisa yakapungua. Alasiri bwana maji akarudi, nikagonga mbele ya watu wote. Pete nne nene. Sita ngoma.

"Nne si haba, mama," mwanamke mmoja akasema. Huyo nilimfunda mimi mwenyewe unyagoni, na alisema kwa upole. "Juzi tulikuwa hatuna hata moja."

Nikamwambia ahesabu nyumba, ahesabu ndoo. Pete nne zinaisha kabla jua halijazama, kwa wenye nguvu za kusukumana kwenye foleni. Darasa la saba wanabaki shuleni kwa masomo ya ziada, wanarudi jua linazama. Watoto hao watakuta bomba linapiga mluzi, na asubuhi watakwenda mtoni kama walivyokwenda leo. Tutakuwa na mnara, na tangi, na kitambaa cha mezani, na hisabati itabaki kipindi cha kwanza.

Hapa nitasema yaliyokuja baadaye, maana sipendi mtu anayesimulia huku ameficha chungu mvunguni. Paneli za shibiri tisa zilikuja. Mkandarasi yuleyule alizileta, amenuna, kwa sababu malipo yake ya mwisho hayakurudi popote, yalikuwa yamekaa wilayani yanasubiri dole, na kumbe wilaya nayo haipendi kuulizwa. Nilizipima zote sita zikiwa bado kwenye gari. Mpaka leo tangi linalala na maji na kuamka na maji. Lakini zilikuja mtihani umeshapita, na katikati hapo bomba lilikuwa kavu. Mjukuu wangu alifanya mtihani wa darasa la saba na miguu ya mtoni, ana mchanga kwenye vidole. Alifaulu. Alipangiwa sekondari ya kata, na alikuwa mtoto wa kupangiwa shule ya bweni, kila mwalimu alisema hivyo. Hisabati ndiyo ilimshusha. Wapo wanaosema bibi alimnyima mjukuu wake pete nne za maji kwa kiburi. Wamesema hivyo mbele yangu, nyumbani kwangu, na nikawapa chai, iliyopikwa kwa maji ya bomba.

Siku ile sikuyajua hayo. Siku ile nilijua pete nne tu.

Mkandarasi aliona ufito wangu na akaona uso wa bwana maji, akaacha upole. "Sikilizeni," akasema. "Mimi nina kazi wilaya nyingine. Huyu bibi asipotia dole sasa hivi, nafungua kila kitu. Paneli, pampu, tangi. Mtabaki na kizibo chenu. Fundi, panda."

Fundi akachukua spana, akapanda kwenye fremu. Sauti ya nati ya kwanza ikilegea niliisikia mpaka kwenye meno. Akina mama wakaanza kunishika. Huyu mkono, yule kanga. "Mama, mwisho tutakosa vyote." "Mama, bora nusu." "Mwongezee muda tu, mama, ataleta nyingine, si amesema?" Hakuwa amesema.

Mwenyekiti akachukua kidau cha wino mezani akakileta mwenyewe, amekishika kwa mikono miwili kama anayemletea mtu maji ya kunawa. Akachuchumaa mbele ya kigoda changu, shati jipya limeloa jasho.

"Mama mkubwa. Nakuomba. Ulinibeba mgongoni."

"Nilikubeba," nikasema. "Ulikuwa mzito. Ndiyo maana kitu chepesi nakijua."

Nati ya pili ikalia. Watoto wa shule walikuwa wametoka mapema siku hiyo kuja kutazama, wamejipanga ukingoni mwa mtaro. Mjukuu wangu akatoka kwenye mstari akaja mpaka kwangu. Alikuwa na sare, na ndoo aliishika mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "shuleni tangu jana wananiita Sitii."

"Na wewe unawajibuje?"

"Naitika." Akaangalia juu kwa fundi, akaangalia kile kidau. "Bibi, tia basi. Mimi nitakuwa naamka mapema zaidi."

Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri. Mapema zaidi ya hapo kuna nini? Niliangalia vidole vyake kwenye mshikio wa ndoo, vimefanya sugu kama vya mtu mwenye nyumba yake. Bwana maji alikuwa ananitazama, mkandarasi ananitazama, mwenyekiti bado amechuchumaa na wino mkononi. Nikachukua ndoo ya mtoto, nikaiweka chini, nikakunja dole gumba ndani ya kiganja, nikafunga vidole vingine juu yake.

"Dole langu sitii."